Maziwa Yaliyosoma 25: Kisa cha Mama Aliyeshukiwa Kutia Maji

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya watu wa aina mbili: wanaopima maziwa kwenye vituo vya kukusanyia, na walimu wenzangu wanaofundisha ujazo, uzito na msongamano (yaani uzito wa kila lita) kidato cha kwanza. Majina nimeyaondoa na kijiji sikitaji. Wahusika wamekubali kiandikwe kwa sharti hilo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na niliingia kwenye jambo hili kwa sababu mtoto wa mama huyo ni mwanafunzi wangu.

Usuli

Ni kijiji cha migomba na kahawa, juu ya mji wa Moshi. Karibu kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina banda, na bandani mna ng'ombe mmoja au wawili wa kisasa wanaokatiwa majani. Maziwa ya asubuhi hupelekwa kituoni kati ya saa 12 na nusu na saa 2, yanapimwa, yanamiminwa kwenye tangi la kupozea, kisha gari linayashusha mjini.

Kituo kilikuwa na spiriti ya kuangalia maziwa yaliyoanza kuchacha, kopo la lita na laktomita. Themometa ilivunjika mwezi wa Novemba na haikununuliwa nyingine. Naomba msomaji aikumbuke hiyo themometa.

Asiyeijua laktomita: ni kichupa cha kioo chenye shingo nyembamba na uzito kidogo kitakoni, kinaelea wima ndani ya maziwa. Kwenye shingo kuna namba, sifuri iko juu na namba zinapanda kadiri unavyoshuka. Ikisoma 29, maana yake lita moja ya maziwa hayo ina uzito wa kilo 1.029. Maziwa halisi ya ng'ombe kwenye nyuzi 20 huangukia kati ya 28 na 33 hivi. Ukitia maji, namba inashuka, kwa kuwa lita ya maji haifiki uzito wa lita ya maziwa.

Sheria ya kituo ilikuwa fupi. Chini ya 27 maziwa yanarudishwa na jina linaandikiwa "maji" kwa wino mwekundu. Mara tatu, mwanachama anasimamishwa siku 14.

Kulikuwa pia na kidonda cha zamani. Mwezi wa Desemba mume wa mama huyu, mzee wa makamo anayeheshimika kijijini, aliipima ndoo nyumbani kwa mizani ya kahawa. Alipoondoa uzito wa ndoo alipata kilo 10 kamili. Kituoni wakaandika lita 9.7. Akauliza mbele za watu zile gramu 300 zimeliwa na nani. Hakujibiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu hapo yeye aliamini kituo kinaiba, na baadhi ya watu wa kituo waliamini nyumba ile ina maneno mengi.

Mambo yalivyokwenda

Januari kituo kilipata mpimaji mpya, kijana mwenye bidii na mwandiko mzuri, aliyefundishwa kazi kwa wiki moja. Aliyemtangulia alikuwa akipima mara chache, akimshuku mtu. Huyu alipima kila ndoo, kila siku. Hilo lilikuwa jambo jema na nataka lieleweke hivyo.

Wiki ya pili ya Februari, mama alifika wa kwanza kama kawaida yake. Nyumba yake iko mwendo wa dakika saba kutoka kituoni. Laktomita ikasoma 25. Kijana akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mama, leo haya hayatapita." Mama akadhani ng'ombe ana tatizo, akarudi nayo. Siku ya pili ikasoma 25 na nusu. Siku ya tatu 25 tena. Mwenyekiti akaitwa, foleni ikiwa imesimama inasikiliza, na mama akaambiwa amesimamishwa. Mtu mmoja kwenye foleni akalitoa lile neno linalouma: amechakachua.

Kwa hesabu ya haraka, kushuka kutoka 29 hadi 25 ni sawa na kutia maji kiasi cha asilimia 13. Kwenye ndoo ya lita 10 hiyo ni lita 1.3. Si tone lililobaki kwenye ndoo iliyosuuzwa. Aliyekuwa anashtakiwa alishtakiwa wizi wa makusudi, kila siku, kwa siku tatu.

Mama alikuja kwangu jioni ya siku ya nne. Alisema, "Mwalimu, sikuja unitetee. Nimekuja uniambie kile kijiti kinapima nini." Nilimwambia nitakwenda kuangalia, na sikumwahidi zaidi ya hapo.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi wangu wa kwanza ulikuwa kukishuku kifaa. Ulinigharimu siku mbili, lakini bado nauona ulikuwa wa haki, kwani huwezi kumhukumu mtu kwa kifaa ambacho hakuna aliyekihakiki. Mwenyekiti alikubali niichukue laktomita mchana, kazi zikiwa zimeisha.

Kipimo cha kwanza kilikuwa maji safi. Kwenye nyuzi 20 alama ya sifuri ilizama kidogo chini ya uso wa maji. Ndivyo inavyopaswa, kwa sababu maji ya joto hilo hayafiki 1.000 kamili, ni 0.998. Cha pili kilikuwa maji ya chumvi. Nilipima gramu 957 za maji na gramu 43 za chumvi ya kawaida, nikakoroga mpaka ikayeyuka yote. Mchanganyiko huo una msongamano wa karibu 1.029, sawa na maziwa mazuri. Laktomita ikasoma 29. Kifaa kilikuwa kizima.

(Kwa walimu: mmiminieni mwanafunzi mchanganyiko huo kwenye silinda ya kupimia. Uzito ni gramu 1000 kamili, lakini ujazo unakomea karibu mililita 972. Uzito unajumlishika, ujazo haujumlishiki hivyo. Sijapata zoezi jingine linalotenganisha mambo hayo mawili kwa senti chache namna hii.)

Hapo nilibaki na njia mbili: ama mama anadanganya, ama kuna kitu kinatokea kati ya ng'ombe na kifaa. Nikamwomba mpimaji anionyeshe kazi yake yote, asifupishe lolote. Akachukua ndoo ya jirani mwingine wa karibu, akakoroga taratibu, akajaza silinda, akatumbukiza laktomita, akasoma. Hakukosea hatua hata moja aliyofundishwa. Ila ilikuwa asubuhi ya baridi, na yale maziwa yalikuwa yakitoa mvuke.

Nilikuwa na themometa ya shule mfukoni. Nyuzi 34.

Uamuzi wa pili niliupendekeza kwa mwenyekiti: tukamue mbele ya mashahidi. Ningeweza kueleza nadharia ya joto kwenye kikao na pengine wangeniamini, lakini jina la mtu lililochafuliwa mbele ya watu lisingesafishwa na maneno ya mwalimu anayemfundisha mwanawe. Kesho yake saa 11 na nusu alfajiri tulikuwa bandani watu wanne: mwenyekiti, mpimaji, mama mmoja wa foleni aliyekuwa ameshuku kwa sauti, na mimi. Ndoo ilikaguliwa ikiwa tupu. Mama akakamua, ndoo ikabebwa na mwenyekiti mwenyewe hadi kituoni.

Joto nyuzi 34, laktomita 25.

Mpimaji alitaka kuandika. Nilimwomba asubiri. Tukachota mililita 250 za maziwa yaleyale kwenye silinda, tukaisimamisha ndani ya sufuria ya maji yaliyolala nje usiku, tukawa tunakoroga polepole huku tukiangalia themometa. Kwenye nyuzi 28 laktomita ilikuwa imekwishapanda. Kwenye nyuzi 20 ilisoma 29.

Yule mama wa foleni aliomba irudiwe. Ikarudiwa kwa sampuli nyingine, 29.

Kisha tukafanya jambo ambalo mpimaji ndiye aliyelitaka, na nampongeza kwa hilo. Alisema, "Mwalimu, sasa nionyeshe maziwa ya maji yenyewe yanasomaje." Tukachukua mililita 500 za yale yaliyopoa, tukatia makusudi mililita 75 za maji. Kwenye nyuzi 20 ikasoma 25. Namba ileile. Maziwa halisi yenye joto na maziwa baridi yaliyotiwa maji yalikuwa mbele yetu mezani, na laktomita haikuweza kuyatofautisha.

Kilichokuwa kinatokea ndani ya ndoo

Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na maji yakipata joto yanatanuka. Uzito wake haubadiliki hata chembe, kinachobadilika ni nafasi yanayoijaza. Lita ya maji kwenye nyuzi 4 ina uzito wa gramu 999.97. Kwenye nyuzi 20 ni gramu 998.2. Kwenye nyuzi 34 ni gramu 994.4. Mafuta ya maziwa yanatanuka kuliko maji, kwa hiyo maziwa yanashuka zaidi kidogo.

Tofauti hiyo ni ndogo mno, na mtu ana haki ya kuuliza inawezaje kumharibia mwenzake jina. Jibu liko kwenye ile shingo nyembamba. Chukua laktomita yenye uzito wa gramu 30. Ili ielee, lazima isukume maziwa ya uzito uleule wa gramu 30. Kwenye maziwa ya 1.029 hizo ni mililita 29.16. Kwenye maziwa ya 1.025 ni mililita 29.27. Kilichoongezeka ni kama moja ya kumi ya mililita, matone mawili matatu. Lakini kama shingo ina upana wa milimita 4, kuzamisha ujazo huo kunahitaji karibu milimita 9 za shingo. Kifaa kimetengenezwa kukuza tofauti ndogo ili jicho ilione. Kinaikuza bila kuuliza imesababishwa na nini.

Kuna kanuni ya kusahihisha: kwa laktomita iliyotengenezwa kwa nyuzi 20, ongeza 0.2 kwa kila nyuzi moja juu ya 20, na punguza 0.2 kwa kila nyuzi moja chini yake. Kwa maziwa ya mama hesabu inatoa 25 jumlisha 2.8, yaani 27.8. Angepita, lakini kwa shida, na bado si ile 29. Kanuni hiyo inafaa ukiwa karibu na nyuzi 20. Tofauti ya nyuzi 14 ni kubwa mno, na maziwa yaliyokamuliwa muda huohuo yana hewa ndani yake na mafuta ambayo bado ni kimiminika. Ndiyo maana dawa ya kweli ni kupoza kwanza.

Swali lililonisumbua zaidi lilikuwa hili: kwa nini Februari? Mama amepeleka maziwa kituoni miaka mingi. Ni yeye aliyenijibu, tukiwa tumekaa barazani kwake. Nyuma ya banda lake unapita mfereji wa asili, ile mifereji ya wazee inayoshusha maji kutoka mlimani. Kila asubuhi alikuwa akiikalisha ndoo kwenye mfereji huku anawapa ng'ombe majani, kwa sababu mama yake alimfundisha hivyo ili maziwa yasiharibike. Kiangazi cha mwaka huo mfereji ulikauka. Akawa anakamua na kwenda moja kwa moja. Wanaotoka mbali, wenye mwendo wa dakika 40 au 50 asubuhi ya baridi, maziwa yao yalikuwa yanapoa njiani. Aliyekuwa karibu na mwaminifu wa kuwahi ndiye aliyeangukiwa.

Matokeo

Kikao kilifanyika Jumapili baada ya ibada. Adhabu iliondolewa mbele ya wanachama, na mwenyekiti alisema kwa mdomo wake alichokiona bandani. Themometa mbili zilinunuliwa mjini. Utaratibu mpya ukakubaliwa: hakuna kusoma laktomita kabla sampuli haijafika kati ya nyuzi 18 na 22, kusahihisha kwa 0.2, na hakuna kuandika "maji" kabla ya kupima mara ya pili.

Kwanza mwenyekiti alitaka kila mtu apoze ndoo nzima nyumbani. Tulipiga hesabu. Kupoza kilo 10 za maziwa kutoka nyuzi 34 hadi 20 kwa maji ya nyuzi 17 kunataka karibu lita 43 za maji, madumu mawili ya lita 20 na ushee, kila asubuhi, wakati wa kiangazi mifereji ikiwa imekauka. Kwa sampuli ya mililita 250 inatosha lita moja na kidogo. Sufuria moja kituoni ikamaliza mjadala.

Na kile kidonda cha Desemba? Tulijaza chupa mbili zinazofanana mpaka alama ileile ya lita moja, moja maji, moja maziwa yaliyopoa, tukaziweka kwenye mizani ya duka. Ya maziwa ilizidi kwa gramu 31. Mzee aliangalia namba, akasema, "Kumbe kilo 10 zangu zilikuwa kweli kilo 10, na lita zenu zilikuwa kweli lita." Ndivyo ilivyokuwa. Kilo 10 gawanya kwa 1.03 ni lita 9.71. Hakuna aliyeiba.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Ukikitazama kisa chote, mzee na mpimaji walikosea kosa moja kwa pande mbili. Mzee alichukua ukweli wa maji, kilo moja kwa lita moja, akauvalisha maziwa. Mpimaji alichukua ukweli wa nyuzi 20 akauvalisha nyuzi 34. Wala hawakuubuni ukweli huo. Kilo na lita zilizaliwa pamoja kwa makusudi: Ufaransa mwaka 1795 gramu iliwekwa kuwa uzito wa sentimita moja ya ujazo ya maji kwenye joto la barafu inayoyeyuka, na mwaka 1799 kilo ikatengenezewa jiwe lake la platini kwa kufuata maji ya nyuzi 4. Kati ya mwaka 1901 na 1964 lita yenyewe ilitafsiriwa rasmi kuwa nafasi inayojazwa na kilo moja ya maji. Tangu wakati wa waliobuni vipimo, kimiminika kilitajwa na joto likatajwa. Sisi darasani tumeyadondosha yote mawili. Nimesahihisha madaftari kwa miaka mingi nikiweka vema kwenye "msongamano wa maji ni 1", bila joto na bila kipimo. Sasa siweki.

Kilichofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kukamua mbele ya mashahidi na kumweka yule mama aliyeshuku miongoni mwao. Yeye ndiye aliyekwenda kusimulia kijijini, na alisikilizwa kuliko ambavyo ningesikilizwa mimi. Cha pili ni lile jaribio la mpimaji la kutia maji makusudi. Bila hilo watu wangeondoka wakidhani laktomita ni kifaa cha bure.

Si cha bure. Mwenyekiti alilipitia daftari akakuta wanachama wanne walioandikiwa "maji" tangu Januari. Watatu nyumba zao ziko karibu na kituo, na walipopimwa upya kwa sampuli iliyopozwa walipita. Wa nne anatoka mbali. Maziwa yake yalipozwa, yakapimwa mara mbili, yakabaki 24. Huyo alikiri.

Lakini laktomita peke yake haitoshi, na hili kituo bado hakijalishughulikia. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Mtu akiondoa malai, maziwa yanayobaki yanakuwa mazito na laktomita inapanda hadi 35 na zaidi. Akitia maji hapo anairudisha kwenye 29, na atapita na sufuria yetu na themometa zetu. Kipimo kinachofichua maji kwa uhakika zaidi ni joto la kuganda, kwa kuwa maziwa huganda karibu na nyuzi 0.53 chini ya sifuri, na maji yakiongezwa namba hiyo inasogea kuelekea sifuri. Mashine yake haipo vijijini. Kwa sasa njia inayowezekana ni kupima mafuta ya sampuli chache kila mwezi mjini, na hilo linangoja fedha.

Kopo la lita nalo bado lipo. Maziwa yenye povu yanalijaza kabla ya wakati, na povu si maziwa. Nilishauri yapimwe kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo kisha uzito ugawanywe kwa 1.03. Wamekubali kwa maneno, mizani haijanunuliwa.

Na kuna lililoshindikana kabisa. Kati ya siku ya kwanza ya kurudishwa na siku ya kikao zilipita siku 9. Maziwa ya siku hizo mama aliyagawa kwa majirani na mengine akayagandisha mtindi ambao haukupata mnunuzi. Katiba ya kituo haina kifungu cha kumfidia mtu aliyesimamishwa kimakosa, na kikao kilisema hakiwezi kulipa maziwa ambayo hayakuingia kwenye tangi. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Yale maneno matatu mekundu yamekatwa kwa mstari mmoja wa wino wa bluu na mwenyekiti ameweka sahihi pembeni, ila bado yanasomeka.

Mama amerudi kupeleka. Anafika wa kwanza kama zamani, anaikalisha ndoo chini, anasimama kando ya ile sufuria na kuisoma themometa mwenyewe kabla kijana hajainama.